Kuchagua Zana za Kuchongea Upinde

Mtu aliyenuia kujifanyia upinde wa mti kwa mikono yake mwenyewe, aghalabu huanza kwa kuuliza ni mti gani ufaao, na swali hilo ni la haki. Lakini akisha kuupata mkole wake ulionyooka usio na fundo, huingia dukani au kwa mhunzi bila ya mizani yoyote ya kupimia zana, akanunua ile ing'aayo zaidi au ile aliyoambiwa na mwenye duka kuwa hukata sana, na kwa ununuzi huo akawa ameuharibu upinde kabla hajauanza. Makala haya yamekusudiwa kumpa mizani hiyo. Tamko lake ni fupi, ijapokuwa ufafanuzi wake ni mrefu: zana ya upinde husifiwa kwa uchache wa mti inaoweza kuuondoa ikiwa chini ya amri ya mkono, na kwa usafi wa alama inayoiacha nyuma yake, wingi wa maranda inayoyamwaga chini si sifa hata kidogo.

Sababu ya kanuni hiyo imo katika tabia ya mti unaopindwa. Ugumu wa mkono wa upinde hufuata upana wake hatua kwa hatua, hata ukipunguza nusu ya upana umepunguza nusu ya ugumu. Lakini unene una hesabu nyingine kabisa, kwani ukiupunguza nusu, ugumu unaobaki ni thumuni tu. Chukua mkono wenye unene wa milimita 12: ukikwangua milimita 1 mahali pamoja, mahali hapo pamepoteza karibu robo ya ugumu wake, na kila ugwe utakapovutwa mpindo wote utakimbilia hapo, mpaka mti uchoke, ujikunje, na mwisho uvunjike. Seremala wa milango akipitisha randa mara moja zaidi ya haja hupata mlango uliolegea kidogo katika fremu yake, na bawaba zikamsitiri. Mchonga upinde akifanya vivyo hivyo hupata kuni. Na kadiri upinde unavyokusudiwa kuwa na nguvu ndivyo usamehevu wake unavyopungua. Waata wa nyika iliyo nyuma ya Malindi, waliokuwa mabingwa wa kuwinda tembo, walitumia pinde ambazo baadhi yake uzito wa kuvuta ulizidi ratili 100, na upinde wa namna hiyo haupatikani kwa mkono wa kubahatisha.

Tena, pande mbili za upinde hazina haki sawa mbele ya zana. Mgongo, yaani upande unaoelekea shabaha, hunyooshwa kila ugwe uvutwapo, na uhai wake wote umo katika nyuzi za mti zinazokwenda bila ya kukatika kutoka ncha hadi ncha. Mkwaruzo mmoja uliokingama nyuzi hizo watosha kuanzisha ufa. Tumbo, yaani upande unaomwelekea mpigaji, hubanwa, na huko ndiko kazi yote ya kupunguza hufanywa. Basi zana isiyoweza kuongozwa iishie tumboni na isiuguse mgongo haifai, hata ikiwa imefuliwa kwa chuma cha ajabu.

Wala msomaji asidhani kuwa sanduku kubwa la zana ni sharti. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao pinde zao ni ngumu kuvuta kwa mtu asiyezizoea, huzifanya kwa shoka na kisu. Mtu wa kale aliyegunduliwa mwaka 1991 ndani ya barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, aliyepewa jina la Ötzi na aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa na shoka la shaba na upinde usiokamilika wenye urefu wa mita 1.82, na alama za kuchongwa bado zaonekana juu ya mti wake. Zana zake zilikuwa chache. Kilichobaki kumaliza upinde ule kilikuwa subira na muda, navyo haviuzwi dukani.

Chuma na matiko

Jambo la kwanza la kutazamwa katika zana yoyote yenye makali ni chuma chake, na la kwanza katika chuma ni matiko yake. Wahunzi wengi wa Afrika Mashariki hufua mashoka, tezo na visu kutokana na springi za malori makuukuu, na mnunuzi asiyejua huzidharau zana hizo akakimbilia za dukani. Lakini chuma cha springi kina kaboni ya kutosha kupokea matiko mazuri, na shoka lililofuliwa kwa chuma hicho na mhunzi mwenye subira laweza kulishinda lile lililokuja kwa meli likiwa limepakwa rangi nyekundu. Tofauti imo katika moto: kama chuma kilipashwa hadi wekundu uliostahiki, kikazimwa ghafula katika maji au mafuta, kisha kikarudishwa motoni kwa upole ili ugumu uliozidi upunguzwe. Kilichozimwa bila ya kurudishwa motoni ni kigumu lakini hutoka mapengo. Kisichozimwa ipasavyo hukunjika makali kikutanapo na fundo la kwanza.

Kuna majaribio matatu yasiyohitaji mtambo wowote. La kwanza ni la tupa: baada ya kumwomba mwenye zana radhi, twaa tupa ndogo iliyo mpya, uipitishe kwa wepesi kwenye pembe moja ya makali, mahali ambapo alama haitadhuru. Ikiteleza kabisa bila ya kushika, chuma kimezidi ugumu, na ikiwa ni shoka litamegeka. Ikizama na kutoa unga kwa urahisi, chuma ni laini na makali hayatadumu. Ikishika kwa kusitasita, matiko ni ya wastani, na wastani huo ndio unaotakiwa kwa shoka na tezo. Kwa kisu, heri tupa isite zaidi.

Jaribio la pili ni la macho. Chuma kilichosuguliwa kikapashwa moto hubadili rangi kwa utaratibu usiobadilika: huwa manjano ya majani makavu joto likikaribia sentigredi 230, kisha hudhurungi, kisha zambarau, na huwa buluu likikaribia 300. Ukiona utepe wa buluu pembeni mwa makali ya kisu kilichotiwa makali kwenye cherehe ya umeme, ujue kwamba moto wa cherehe umekula matiko, na makali ya hapo yatalala kila siku mpaka sehemu hiyo yote isuguliwe iishe. Zana kama hiyo yaweza kununuliwa kwa bei ya chini na mtu mwenye kinoo na wasaa. Lakini asilipe bei ya zana kamili.

La tatu ni la sikio. Zana isiyo na mpini ining'inizwe kwa uzi na kugongwa kidogo kwa chuma: mlio ulio wazi na unaodumu ni dalili ya uzima, na mlio mfupi wenye mkwaruzo ni dalili ya ufa, ingawa jicho halijauona.

Shoka na tezo

Shoka la kuchongea si shoka la kupasulia. Lile la kupasulia lina mashavu manene, kwa kuwa kazi yake ni kuutenga mti pande mbili, na ukilitumia juu ya upinde litafanya kazi hiyo hiyo iliyoumbiwa: litafungua nyuzi, na ufa utakimbia chini kwa chini hadi katika mwili wa upinde. La kuchongea liwe na mashavu membamba, makali yenye mviringo mdogo, na uzito wa ratili moja na nusu au mbili, ili mkono uweze kulishika karibu na kichwa na kulidondosha badala ya kulirusha. Lilaze shavu juu ya ubao ulionyooka, ulisukume mbele kwa upole: likianza kunyanyua utando mwembamba, umbo lake ni jema, likiteleza hadi uinue mpini juu sana ndipo liume, shavu lake ni nene na litakuhangaisha.

Mpini nao utazamwe kwa insafu. Nyuzi zake ziende sambamba na urefu wake bila ya kutokea ubavuni. Shoka la kiasili, ambalo mkia wake wa chuma hupenya kichwa kinene cha mpini, lina fadhila moja kubwa, nayo ni kwamba kila pigo hulizidisha kukaza. Lakini hakikisha kuwa mkia umelijaza tundu lake na kwamba mti wa kichwa haujapasuka nyuma yake.

Tezo, ambayo makali yake yamekingama mpini, ndiyo zana iliyokomaa zaidi katika pwani yetu. Mafundi wa majahazi wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu na wa Nungwi huko Unguja huitumia kusawazisha mbao hata ukadhani zimepigwa randa, na Wamakonde huchongea vinyago vya mpingo kwa tezo ndogo. Kwa upinde, chagua ndogo, yenye pembe za makali zilizoviringwa kidogo, maana pembe kali huchimba mfereji pale mkono unapoyumba. Ijaribu kwa kuipunga kutoka kiwikoni juu ya kipande cha mti kisicho na thamani: ikifika juu ya mti imelala na kuondoa kigamba, pembe baina ya chuma na mpini ni sahihi, ikifika imesimama na kuchimba, pembe hiyo imefunguka kupita kiasi, na hakuna ustadi utakaoificha kasoro hiyo. Ama panga, ambalo wengi hulitegemea kwa kila jambo, ni jema kwa kukata tawi na kuondoa maganda, lakini ubapa wake hutetemeka na uzito wake uko mbali na mkono; liache kazi inapofika karibu na mstari wa umbo la upinde.

Shoka na tezo ni zana za mti mbichi, na zikome unene wa kidole kabla ya umbo linalotakiwa. Methali hutuusia tumkunje samaki angali mbichi, lakini upinde una sheria ya kinyume: mti uliokunjwa ungali mbichi huushika ule mkunjo daima, ukawa umelegea kabla ya kurusha mshale wa kwanza. Basi mti mbichi huchongwa tu. Ukisha kukauka kivulini ndipo hukunjwa, na huchongwa kwa zana za tabaka nyingine.

Kisu cha mipini miwili

Baina ya shoka na tupa pana zana isiyopatikana katika kila duka la vifaa, nayo ni kisu kirefu chenye mpini kila upande, kinachovutwa kuelekea kifuani huku mti umebanwa katika jiliwa. Wachonga pinde wa Marekani, wanaotumia mti wao uitwao Osage ambao miduara yake ya miaka huonekana wazi, hukitumia kuvua matabaka ya nje mpaka wafikie mduara mmoja tu utakaokuwa mgongo, na kwa kazi hiyo baadhi yao hupenda makali yaliyopunguzwa ukali kidogo, yabambue tabaka bila ya kuzama katika lile la chini yake.

Anayemwagiza mhunzi amfulie kisu hiki na amwekee masharti. Makali yawe ya sentimita 20 hadi 25. Chuma kiwe kinene kiasi cha kutotikisika kikikutana na fundo. Mipini iwe katika usawa mmoja, kwa maana mpini mmoja ukiwa juu ya mwenzake kisu huvuta upande, na upinde hupata kiuno kusikotakiwa. Mikia ya chuma ipenye mipini yote na kupigwa kichwa mwishoni, isiishie katikati kwa kutegemea gundi. Akinunua kilichotumika, atazame upande bapa: vishimo vya kutu vilivyo mbali na makali havidhuru, lakini vilivyokaribia makali vitakuwa mapengo kila kisu kinolewapo. Kipimo cha mwisho ni utii: kisu chema, kikisha kuingia katika mti, chaweza kurudishwa juu kwa kugeuza viganja tu, kinachoendelea kuzama ijapokuwa umegeuza mikono ni adui wa upinde.

Tupa

Hapa ndipo penye roho ya kazi, na hapa ndipo fedha zitumike bila ya ubahili. Tupa ya mbao ina meno yaliyosimama mbalimbali, na tupa ya chuma ina mistari iliyopigwa sambamba. Mchonga upinde anazihitaji zote mbili, ya kwanza kwa kupunguza na ya pili kwa kufuta alama za ya kwanza. Umbo lifaalo ni la nusu-duara, lenye urefu wa inchi 8 hadi 10, kwa sababu upande bapa hufanya kazi tumboni na upande wa mviringo huingia katika kishikio.

Ubora wa tupa ya mbao umo katika mpangilio wa meno yake. Tupa nyingi za dukani hupigwa meno kwa mashine, na meno hayo husimama katika safu zilizonyooka, kila jino nyuma ya jenzake; matokeo ni kwamba meno yote ya safu moja hupita katika njia moja, yakachimba mifereji, na mchonga mti akilazimika kuondoa mti zaidi ili kuifuta mifereji hiyo huwa ameondoa kile alichokusudia kukibakiza. Katika tupa zilizopigwa meno kwa mkono, jino moja moja, kama zile zinazofanywa na mafundi wa Ufaransa, safu huwa na upotofu mdogo wa mkono wa binadamu, na kila jino hupita mahali ambapo jenzake halikupita, hata uso wa mti hubaki laini ingawa tupa yakata kwa kasi. Bei yake ni ghali, na si kila mtu ataimudu. Asiyeimudu atafute tupa ya mashine yenye meno madogo, aitumie kwa kuikingamisha huku na huku, njia zisirudiwe.

Kabla ya kulipa, iinue tupa machoni na kuitazama kwa urefu wake kama mtu anayelenga: iliyopinda huacha bonde. Pitisha kidole polepole dhidi ya meno, ukisikia kama yanashika kwa usawa. Mahali panapoteleza pana meno yaliyokufa. Itazame mwangani: ncha za meno zikimetameta nyeupe, zimekwisha kulika, kwa kuwa jino kali halirudishi nuru. Usikubali tupa isiyo na mpini kwa hoja ya kuwa ni rahisi, maana mkia wake utaingia kiganjani. Na ikisha kuwa yako, uikinge: isikae pamoja na tupa nyingine bila ya kitambaa, isivutwe kinyume huku imekandamizwa, na meno yake yapakwe chaki ili unga wa mti usigande, kisha yasafishwe kwa brashi ya waya.

Kwa vidato vya ugwe itakiwayo ni tupa nyembamba ya mviringo, ya milimita 4 au 5, na hiyo ikate ubavuni na tumboni tu. Kidato kinachokatiza mgongo ni ufa uliotengenezwa kwa makusudi.

Bamba la kukwangulia

Upinde ukisha kuanza kukunjwa juu ya ubao wa kupimia, kwa kamba, kapi na mizani ya ndoana, tupa zote huwekwa kando, na kazi hupewa zana iliyo duni kwa sura na tukufu kwa tabia: bamba jembamba la chuma lenye ukubwa wa kiganja. Bora kuliko yote hukatwa kutoka katika msumeno wa mkono wa zamani, ambao chuma chake kina matiko ya kunyumbuka. Ukingo wake husawazishwa kwa tupa, husuguliwa juu ya kinoo, kisha hukandamizwa kwa fimbo ya chuma kigumu zaidi ili utoke mdomo mdogo usioonekana kwa jicho ila kwa kidole. Na mdomo huo ndio unaokata.

Hukumu yake ni nyepesi: likitoa maranda membamba yanayojikunja, ni zima; likitoa unga, mdomo umekufa. Bamba lililo jembamba mno hupata joto na kutetemeka, likaacha mawimbi juu ya tumbo, na kila wimbi ni mahali pembamba. Bamba lililo nene mno halikunjiki kwa vidole gumba, likakwangua kwa pembe zake. Lifaalo hukubali kupindwa kidogo kisha hurudi lenyewe. Asiye na bamba asikate tamaa: kipande cha chupa iliyovunjwa kwa hadhari hukwangua vizuri kabisa, nacho kikiwa butu huvunjwa tena. Msasa uje mwisho, uwe ni ule wa karatasi au jani kavu la mti wa msasa walilotumia wazee, na upitishwe kwa kufuata nyuzi, wala usipewe kazi ya kurekebisha umbo.

Kinoo, na mambo ya kuacha

Zana zote zilizotajwa, isipokuwa tupa na msasa, huishi kwa kinoo, na anayenunua kisu kizuri bila ya kinoo amenunua kisu cha wiki moja. Kinoo kiwe bapa: kiwekee rula ubavu, na nuru ikipita chini yake katikati, kimebonyea, na makali yatakayotoka hapo yatakuwa ya mviringo. Kiwe na pande mbili, mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Makali yaliyokamilika hayaonekani. Ukiyaelekeza taa na kuona mstari mweupe, pale penye weupe ndipo penye ubutu.

Kuna vitu ambavyo muuzaji atavisifu na ambavyo upinde hauna haja navyo. Randa kubwa hupenda uso ulionyooka, na tumbo la upinde hufuata mti unavyokwenda, hata nyuzi zinapopanda randa huzing'oa. Patasi hutoboa matundu, na upinde hauna matundu. Keekee, ijapokuwa ile ya zamani yenyewe huzungushwa kwa upinde, haina nafasi katika kuutengeneza. Mashine za umeme za kusugulia ni za hatari kuliko zote kwa mwanafunzi, kwani huondoa milimita kabla jicho halijaagiza, na tumekwisha kuona thamani ya milimita moja.

Basi mwenye fedha kidogo na anunue shoka jepesi kwa mhunzi anayeaminika, tupa moja ya nusu-duara iliyo bora kuliko zote awezazo kuzipata, na kinoo kilicho bapa. Bamba atalikata mwenyewe katika msumeno uliotupwa. Akiongeza kisu cha mipini miwili na tezo ndogo amekwisha kujitosheleza kwa maisha yake yote. Kila zana aijaribu juu ya mti kabla ya kulipa, wala asione haya mbele ya mwenye duka. Na ile isiyoweza kuondoa kidogo tu pale inapoamriwa kidogo, aiache hata akipewa bure.